Asiyependa Kutembelewa

Ntobeye, Ngara
4 Februari 1973

Kwa Mhariri, ukurasa wa Marafiki wa Kalamu,

Naomba unichapishie yafuatayo bila kuongeza wala kupunguza.

Jina: Ildefonce Pancras. Umri: miaka 41. Kazi: mkulima, zamani mseminari. Anachopenda: kusoma na kunyamaza. Asichopenda: kutembelewa. Anatafuta barua za mtu mmoja tu, mwanamume au mwanamke, anayeishi peke yake kwa hiari. Picha hazihitajiki.

Mwezi uliopita ulimchapisha kijana anayependa dansi, stempu, na urafiki na dunia nzima. Sina ugomvi naye. Ila hata watu wa aina yangu hununua gazeti lako.

I. Pancras

---

Kaniha, Biharamulo
11 Machi 1973

Mwalimu Kazimili,

Habari za kazi. Nimemwandikia mtu mmoja wa Ngara, nikaweka sanduku la posta la shule yenu. Majibu yakija yafungie kabatini mwako, usimpe mtoto wangu yeyote ayalete nyumbani. Si mambo ya wanawake, usinifikirie vibaya.

Kwangu unapajua. Wake wawili, watoto tisa, mama yangu mzazi, na wale wawili wa marehemu kaka. Sasa huyu bwana anataka mtu anayeishi peke yake, na mimi nimemwambia naishi peke yangu. Ni uongo, najua. Gazeti lenyewe nilifungiwa sukari dukani, nikalisoma njiani, nikasimama pale pale barabarani.

Mwalimu, mimi tangu nizaliwe sijalala nyumba yenye ukimya, na hata hivyo hakuna mtu pale ninayeweza kumwambia ninachowaza nikichunga. Nikijaribu, wananiuliza nani kaniroga. Huyu bwana akijua ukweli ataacha kuniandikia. Sitaki aache. Nitakuletea maziwa.

Malongo Ndassa

---

Kaniha, Biharamulo
11 Machi 1973

Ndugu Ildefonce Pancras,

Natumaini u mzima, hofu ni kwako. Naitwa Malongo Ndassa, asili yangu Maswa, nilihamia huku na ng'ombe wangu mwaka 1964. Shule nilifika darasa la nne.

Naishi peke yangu. Nyumba yangu ina chumba kimoja, na kimya chake ni cha kusikia mchwa akitafuna boriti.

Nina jambo linanisumbua. Ng'ombe wangu anakula leo, anacheua, analala, hajui kwamba mwezi wa saba namuuza kwa mchinjaji. Mimi ya kwake nayajua, na ya kwangu nayajua pia. Sasa kati yetu nani kapewa zawadi, na nani kapewa adhabu? Nilimuuliza katekista, akaniambia nisali. Wewe unasemaje?

Malongo Ndassa

---

Ntobeye
30 Aprili 1973

Ndugu Malongo,

Barua yako ni ya saba kufika na ya kwanza kujibiwa. Wale sita wote walisema wanaishi peke yao, kisha wakaomba picha.

Umeanza na "hofu ni kwako". Watu huiandika bila kufikiri, lakini ukiichukua kwa maana yake ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote katika barua zetu. Kwa sababu hiyo usiiandike tena. Inajulikana.

Zawadi kapewa ng'ombe. Lakini hata yeye angepewa kubwa zaidi kama asingezaliwa. Fikiri nami polepole: ambaye hakuzaliwa hakosi furaha yoyote, maana hayupo wa kuikosa. Aliyezaliwa hana namna ya kuyakwepa maumivu. Weka pande hizo mbili kwenye mizani uone upi unazama. Nilimweleza padri mlezi hoja hii mwaka wangu wa tano seminarini. Jibu lake lilikuwa kunipa likizo ndefu, na bado niko kwenye likizo hiyo.

Masharti yangu ni mawili. La kwanza, tusitembeleane. La pili, mmoja wetu akifiwa mwingine asimpe pole, na mmoja wetu akifa mwingine asije. Huku kwetu asiyekwenda kuzika wenzake huulizwa yeye atazikwa na nani, na wanaouliza wanamaanisha. Mimi msiba wangu wa mwisho ulikuwa wa mama yangu, mwaka 1961. Watu mia mbili walikaa uani siku nne, wakanywa rubisi tuliyokuwa nayo na ya majirani, wakaniambia nijikaze. Hakuna hata mmoja aliyenyamaza kando yangu dakika moja. Nikaapa kwamba basi.

Ukiyakubali, andika.

Ildefonce

---

Ntobeye
19 Julai 1974

Ndugu Malongo,

Swali lako la juzi, kama mvua inajua inaponyesha, litasubiri. Operesheni Vijiji imefika.

Alikuja Katibu Kata na mgambo wawili. Wamevuta kamba kando ya barabara na kupigilia vigingi, kila kaya nyumba moja, hatua thelathini kutoka kwa jirani. Nyumba yangu ya kilimani ivunjwe kabla ya mvua za Septemba. Wanasema tutapata shule, zahanati na maji ya bomba. Sipingi. Watoto wasome, wagonjwa watibiwe. Lakini mimi nikikaa hatua thelathini kutoka kwa watu nitakufa, Malongo, na sisemi kwa mzaha. Watakuja asubuhi kuuliza nimeamkaje. Watakuja jioni kuuliza nimeshindaje.

Kwenu Biharamulo walianza kabla yetu. Wewe walikuachaje? Nijibu upesi.

Ildefonce

---

Kaniha
6 Agosti 1974

Mwalimu,

Soma hii niliyomwandikia, uniambie kama inaaminika. Unajua tulivyohamishwa mwezi wa sita, wote kumi na watano na ng'ombe, na sasa jikoni kwa mke mkubwa panatazamana na mlango wa jirani yetu Faustini. Huyu bwana wa Ngara anadhani mimi niliachwa. Nimebuni habari ya nyuki. Nyuki nawaogopa kuliko simba, lakini sikuona kitu kingine ambacho serikali ingekiogopa.

Malongo

---

Kaniha
6 Agosti 1974

Ndugu Ildefonce,

Mimi niliachwa kwa sababu ya nyuki. Walipokuja na kamba zao niliwaambia: hapa nina mizinga ishirini, na nyuki wangu ni wakali. Mkinipanga mstarini pamoja na watoto wa shule, likitokea balaa mtajibu nyinyi. Katibu akaangalia mizinga, akaangalia mbuzi waliofungwa, akasema huyu abaki pembeni, aandikwe mfuga nyuki wa kijiji.

Usiwapinge hata kidogo. Waambie unataka sana kuhamia, ila unawaonea huruma watoto. Tafuta mizinga haraka.

Malongo

---

Ntobeye
2 Desemba 1974

Ndugu Malongo,

Imekubaliwa.

Nilichonga mizinga tisa kwa wiki tatu, mimi ambaye sijawahi kuchonga hata mpini wa jembe. Sita ikapata nyuki. Katibu Kata alikuja kukagua, akaumwa kwenye kope, akaondoka akiwa na jicho moja. Kesho yake ililetwa karatasi yenye muhuri: Mradi wa Nyuki wa Kijiji, Msimamizi I. Pancras. Nakaa nusu saa kutoka kwenye mstari wa nyumba. Wanawake huja kuchukua asali ya kijiji kila mwisho wa mwezi, naiweka nje ya mlango.

Tangu seminarini sijamshukuru mtu, na sikumbuki vizuri inavyoandikwa. Msimu ujao nitakutumia asali badala yake.

Ildefonce

---

Kaniha
14 Julai 1975

Ndugu Ildefonce,

Galoni ya asali imefika kwa lori la kahawa siku ya Jumamosi. Jumapili jioni ilikuwa imekwisha. Asali nzuri mno, ina harufu ya maua ambayo huku hatuna. Nakutumia michembe, ni viazi vitamu tunavyokata na kukausha. Chemsha ule na maziwa.

Umeandika kwamba mwenye busara hapandi mti ambao hatauona kivuli chake. Nimebishana na wewe kimoyomoyo wiki nzima nyuma ya ng'ombe. Mimi nilipanda miembe sita mwaka jana, sijui kwa nini nilipanda.

Malongo

---

Ntobeye
9 Agosti 1975

Ndugu Malongo,

Galoni nzima ya asali, mtu mmoja, siku mbili. Ama wewe ni mgonjwa wa ajabu ama kuna jambo hukuniambia.

Usijibu. Nimeifikiria nikaona ni afadhali kutouliza. Michembe ni migumu lakini inasindikiza kitabu vizuri.

Ildefonce

---

Kaniha
20 Novemba 1978

Ndugu Ildefonce,

Nimechelewa kukuandikia. Redio umeisikia, adui amevuka mto Kagera, na huku kila kijiji kinatoa vijana.

Jirani yangu ana kijana anaitwa Shilinde, wa miaka ishirini na tatu. Ameondoka Alhamisi na lori la mgambo. Ni kijana mrefu, hajui kupiga mluzi lakini anapiga kutwa. Kazi anaipenda, ila kwa ndama ana huruma kupita kiasi, ukimwambia amfunge anamfungua. Baba yake alitaka kumzuia, lakini wenzake wote walikuwa wameshapanda lori. Alimpa koti lake tu.

Huyo baba sasa halali. Ameniuliza afikirie nini ili moyo utulie. Nimemwambia nina rafiki aliyesoma sana, nitamuuliza. Nimwambie nini?

Malongo

---

Ntobeye
15 Desemba 1978

Ndugu Malongo,

Mwambie jirani yako hivi. Siku alipomzaa huyo kijana ndipo alipomtuma kifoni, na vita ni njia ya mkato tu. Analolilia sasa alilitenda mwenyewe, miaka ishirini na tatu iliyopita, kwa furaha. Kama asingemzaa, leo asingekuwa na wa kumhofia, na kijana naye asingekuwa na cha kupoteza. Hii si kejeli, ni hesabu. Akiifuata mpaka mwisho atatulia, kwa sababu ataona hakuna lililoharibika ambalo halikuwa limeharibika tangu mwanzo.

Mimi na wewe tusio na mtoto tuliona mbali.

Kutoka hapa wameondoka vijana kumi na wawili. Mama zao wanapita kuchukua asali na wanataka kuzungumza. Nawapa asali, nafunga mlango.

Ildefonce

---

Kaniha
17 Aprili 1979

Ndugu Ildefonce,

Barua yako ya Desemba nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sikujibu kwa sababu nilikuwa naisubiri hesabu yako initulize.

Yule kijana wa jirani amekufa. Aliuawa mwezi uliopita, ndani ya Uganda.

Ndugu Ildefonce, hakuna jirani. Shilinde ni mwanangu, mtoto wangu wa kwanza. Nina wake wawili, nina mama, nina watoto tisa, sasa wanane, na wawili wa kaka yangu. Sijawahi kuishi peke yangu hata siku moja. Nyuki sina. Operesheni ilinihamisha kabla yako na nakaa mstarini, Faustini akikohoa nasikia. Asali yako waliila watoto, na Shilinde ndiye aliyelamba galoni. Nilikudanganya tangu barua ya kwanza kwa sababu nilitaka mtu wa kuwaza naye, na wewe ulitaka mpweke, nami sikujua namna nyingine ya kukuambia kwamba ni mimi.

Alikuja ofisa mmoja na karatasi. Mwili haukuja. Wazee wanabishana jinsi ya kumzika mtu ambaye hayupo, wengine wanasema tuzike shuka lake, wengine wanasema tungoje. Nyumba imejaa. Wananishika mkono, naitikia. Wananiambia alikufa kishujaa, naitikia.

Nimeijaribu hoja yako. Nilikwenda zizini nikaisema kwa sauti: kama asingezaliwa asingekosa kitu. Ni kweli, sijaona ilipokosewa. Lakini mimi namtaka azaliwe, Ildefonce. Namtaka azaliwe hata mara ya pili, hata kama atakufa tena Machi vilevile, nimpe tena lile koti.

Masharti nayajua. Sikuombi pole. Nimetaka tu umjue aliyekuwa anakuandikia miaka sita. Ukiacha kuandika una haki. Mengine yote niliyokuambia, ya ng'ombe na mvua na miembe, yalikuwa ya kweli.

Malongo Ndassa

---

Shule ya Msingi Kaniha
Jumamosi, 12 Mei 1979

Ndugu Malongo,

Naandikia juu ya dawati la darasa la tatu, magoti yangu hayaingii chini yake. Mwalimu Kazimili atakuletea karatasi hii. Niko hapa tangu jana mchana.

Kusafiri siku hizi kunataka kibali, basi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akauliza naenda wapi. Nikamwambia msibani. Akaweka kalamu chini. "Wewe? Msibani?" Akamwita mkewe aje asikie. Halafu akauliza marehemu ni nani wangu, maana lazima iandikwe kwenye kibali. Nikasema ni mtoto wa ndugu yangu. Akaandika hivyo. Nilipofika barabarani kungoja lori, mama mmoja anaitwa Zita, ambaye kijana wake yuko huko huko vitani na ambaye nimemfungia mlango mara nyingi, alikuwa ananisubiri na maharage kwenye kitambaa. Akasema huwezi kwenda msibani mikono mitupu, hujui hata hilo. Sikujua. Wengine wakaja, kila mmoja na chake. Ninacho kifurushi kizito ambacho sijui natakiwa kumkabidhi nani.

Lori lilinishusha Lusahunga, lingine likanichukua, mwisho nikatembea. Nilifika mpaka kwenye ua wako. Niliona watu wasiopungua kumi na mmoja na mtoto analia na mwanamke anatwanga, nikasema matanga bado hayajaanuliwa, nikageuka nikarudi njia niliyojia. Mwalimu ameniambia hapakuwa na wageni. Anasema hao ni wa nyumbani tu, na kwamba ndivyo mlivyo kila siku. Nimekaa hapa nikifikiri jinsi ulivyoandika barua zile zote katikati ya hayo.

Ulinidanganya na nilikasirika, kwa siku moja. Siku ya pili nilianza kutafuta mpweke ninayemjua ambaye nilitaka awe badala yako, sikumpata.

Hoja yangu nimeipitia tena kutoka mwanzo. Bado sioni kosa ndani yake, na hilo limenitisha kuliko kama ningeliona. Nilimwandikia baba wa mtoto aliyekuwa bado hai kwamba alimtuma kifoni mwenyewe. Nilijiona nimetoa msaada. Kwa hilo naomba unisamehe, na sijui kama linasameheka.

Nimevunja masharti yote mawili. Pole, Malongo. Pole sana. Nimeliandika neno hili mara mbili na bado linaonekana dogo.

Sijui mtu husema nini akiingia kwenye nyumba iliyofiwa. Nimekaa miaka kumi na minane bila kuingia hata moja. Ukiweza, njoo unichukue wewe mwenyewe. Ule ua siwezi kuuvuka bila wewe. Usiponitaka, mwambie Mwalimu, nitamwachia hiki kifurushi.

Ildefonce

---

(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Ndugu Ildefonce,

Usiondoke. Mama yangu ameshasikia kuna mgeni shuleni, kuku amekamatwa, na hapo hakuna rufaa. Utaingia, utakula, utaulizwa habari za Ngara mpaka uchoke, na hutasema kitu cha maana, kama sisi wote. Maharage utampa Nshoma, mke mkubwa.

Lakini hayo ni baadaye. Sasa hivi nakuja huko mwenyewe. Mwambie Mwalimu atupishe, wewe funga mlango wa darasa na madirisha ya upande wa barabara. Usiniambie nijikaze. Usiseme neno lolote. Tangu walete ile karatasi bado sijalia.

Malongo